Ua wa Tulu Rasasa

Mlima wetu unaitwa Tulu Rasasa, na kamati ya urithi ilipokuja kutufundisha maana ya jina hilo, ilikosea siku ya kwanza. Tulu, kwa Kiborana, ni mlima. Rasasa ni risasi. Hapo ndipo akili ya Bwana Salah Guleid, mwenyekiti wa kamati, ilipofika ikatua. Akatengenezesha bango kubwa la chuma lililosema kwamba mahali hapa palipiganwa vita vikali baina ya wenyeji na wakoloni, na kwamba milio ya risasi ndiyo iliyoupa mlima jina.

Hakuna vita vilivyopiganwa hapa. Risasi inayotajwa ni yale madini ya kijivu, mazito, yanayokwaruzika kwa kucha, ambayo Wazungu wawili walikuja kuyachimba mwaka wa 1951 wakaondoka mwaka wa 1957. Mtoto yeyote wa darasa la tano shuleni kwangu angemwambia. Lakini Bwana Salah hakuuliza mtoto wala mzee. Alikuwa na shahada, na shahada haiulizi njia.

Mimi ni Farhiya, mwalimu wa historia katika shule iliyo chini ya mlima huo, kaskazini mwa Wajir, mwendo wa saa nne kwa gari kutoka Griftu kama mvua haijanyesha. Kamati ilinitafuta kwa sababu Salah ni mtu wa Garissa, anajua Kisomali na Kiswahili, na wazee wetu wengi husema Kiborana. Nikawa mkalimani. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba sehemu ya aibu katika kisa hiki ni yangu.

Mgodi wenyewe si kitu cha kumtoa mtu Nairobi. Kuna mashimo matatu mlimani, magurudumu yenye kutu, na nyumba ya mawe isiyo na paa. Chini yake kuna lundo la mchanga wa kijivu, mabaki ya mawe waliyoyasaga, kubwa kuliko darasa, na kando yake kidimbwi kinachojaa mvua ikinyesha. Mchanga ule ukikauka hufanya ukoko mweupe wenye ladha ya chumvi, na mbuzi, kama tujuavyo, hupenda chumvi kuliko anavyompenda mfugaji wake.

Ndiyo maana kulikuwa na ua. Matawi ya migunga yenye miiba mirefu kama kidole, yamepangwa kwa upana wa hatua mbili na kufika kifuani mwa mtu mzima, yakizunguka lundo na kidimbwi pamoja. Kila mwaka baada ya mvua za masika familia zote ziligawana ua ule, kila moja kipande chake, na kuziba palipooza. Hakuna aliyeandika kanuni hiyo mahali popote. Aliyekosa kuleta matawi hakukaribishwa arusini. Kwa miaka zaidi ya sitini, hilo lilitosha.

Salah aliuona ua siku hiyo ya kwanza. Alisimama mbele yake, suti ya rangi ya maziwa, miwani ya jua, akavuta mdomo.

"Huu uchafu lazima utoke," alisema. "Mgeni rasmi anakuja kutufungulia makumbusho. Wapiga picha watasimama wapi? Hapa watu wataona miiba tu."

Nyuma yetu alikuwa amesimama Mumina Gababo. Ana umri wa miaka sabini na mitano, mwembamba, ana sauti ya mtu aliyezoea kuita ngamia. Kijijini sisi sote tunamwita akko, yaani bibi. Yeye ndiye aliyekuwa akikagua ua kila mwaka, akipita na fimbo yake, akichomeka kila penye mwanya na kutaja jina la familia yenye kipande kile, kwa sauti, ili majirani wasikie.

Akaniuliza, "Kijana huyu anasema nini?"

Nikamwambia.

"Mwambie," akasema, "baba yangu alichimba humo miaka mitano. Mwaka wa nne viganja vyake vililegea vikaning'inia kama majani yaliyokatiwa maji. Alikuwa hawezi kushika kikombe. Mimi nilikuwa na umri wa miaka saba, na mimi ndiye niliyekuwa nikimnywesha chai. Tumbo lilimkunja hadi akawa analala amepiga magoti. Mwambie ua huu waliuweka wenzake walipoona mbuzi wanakufa kwa ugonjwa uleule. Mwambie akiuondoa, aje alale yeye mahali pake."

Salah alinigeukia akitabasamu, kalamu mkononi. "Mama anasemaje?"

Sijui ni adabu au woga. Labda ni zile gari tatu za kamati na ule ukimya wa chifu wetu, Bare Dubow, aliyekuwa akiangalia viatu vyake kana kwamba amepewa viatu vya mtu mwingine. Nilifungua kinywa nikasema, "Anasema ua huu una maana kubwa kwa jamii. Anaomba usiondolewe."

"Ah! Vizuri sana," akasema Salah. Akaandika katika daftari lake neno *utamaduni*, akalipigia mstari. "Mwambie tutauhifadhi kwa picha."

Jumatatu iliyofuata likaja tingatinga. Lilisukuma miiba ya miaka sitini kwa asubuhi moja, wakaichoma moto mchana. Mumina alisimama mbele ya tingatinga hadi Bare alipomshika mkono akamwondoa, taratibu, akimbembeleza kama mtu anayemtoa mgonjwa uani. Jioni yake nilikwenda nyumbani kwake kuomba radhi. Alinimiminia chai, kisha akaniuliza maneno yake niliyapeleka vipi. Nilipomweleza aliweka birika chini.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikupa maji ya kisima. Wewe umempa yule mtu povu."



Sherehe ilipangwa wiki mbili baadaye. Siku hizo kamati ilifanya kazi kwa bidii isiyo na kifani juu ya mambo yasiyo na maana. Nyumba ya mawe ilipakwa rangi ya krimu na kuitwa Jumba la Makumbusho. Wanawake walifundishwa, na kijana kutoka Garissa, namna ya kucheza ngoma ya kwao wenyewe. Mumina akaombwa avae shanga na kusimama mlangoni na kibuyu cha maziwa ya ngamia, amkabidhi mgeni rasmi, na kusema maneno machache ya baraka kwenye kipaza sauti. Nilidhani atakataa.

"Kipaza sauti kitakuwepo kweli?" akaniuliza.

"Kitakuwepo, akko."

"Basi nitavaa hizo shanga."

Ndani ya jumba walitundika picha moja kubwa, waliyoipata sijui wapi, ya mwaka wa 1953. Wazungu wawili wamekaa vitini, kofia magotini. Nyuma yao wamesimama wanaume thelathini na tisa. Chini yake iliandikwa: *Waanzilishi wa mgodi pamoja na wasaidizi.* Majina ya Wazungu yalikuwepo, hata jina la mbwa wao. Mumina aliletwa siku ya mazoezi aone mahali pa kusimama. Aliiona picha ile, akaisogelea, akaweka kidole juu ya kioo, juu ya mtu wa tatu kutoka kushoto.

"Aba," akasema. Baba. Alikuwa hajawahi kuona picha yake.

Mtu yule alikuwa kijana, ameweka mikono kiunoni, viganja vimekaza. Mumina aliviangalia viganja vile tu.

"Ayeyo, tafadhali," Salah akasema, akimwita bibi kwa Kisomali na kumtoa mkono. "Kioo kinashika alama."

Hilo nalo nililitafsiri. Safari hii nililitafsiri kama lilivyo.

Sasa, mwaka ule ulikuwa wa ukame, na wafugaji walikuwa wakihama kufuata fununu ya majani. Mmoja wao aliitwa Yarrow, mtu wa upande wa Modogashe, aliyekuja na mkewe na mbuzi wake hamsini na kupiga kambi nyuma ya mlima siku nne kabla ya sherehe. Hakuwa mwenyeji. Hakujua habari za baba yake Mumina wala za ukoko mweupe. Aliona ardhi iliyo wazi, iliyosafishwa vizuri na tingatinga, chumvi ya bure, na maji kidogo kidimbwini. Kama kungekuwa na ua, angeuliza kwa nini kuna ua. Miiba ndiyo iliyokuwa ikiwaambia wageni habari ile, na miiba ilikuwa imekuwa jivu.

Siku ya sherehe ilianza vizuri, kama unavyoita vizuri watu mia mbili kukaa juani tangu saa mbili wakimngojea mtu aliyefika saa tano. Mgeni rasmi aliketi kivulini mwa hema, kwenye kiti chenye mito. Salah alisoma hotuba. Alieleza vita ambavyo havikupiganwa, akataja mashujaa ambao hawakuzaliwa, na mara mbili akasema kwamba jamii hii ilikuwa haijui thamani ya urithi wake hadi kamati ilipofika. Wazee walipiga makofi kila alipopumua, kwa kuwa hawakuelewa neno, na mimi sikuwa nimeombwa kutafsiri hotuba.

Alikuwa katikati ya sentensi mbuzi wa kwanza alipoingia.

Alikuwa jike jeupe. Aliingia kati ya viti akitembea polepole, kichwa kimeinama upande mmoja, akagonga goti la mwanamke, akageuka, akazunguka, akazunguka tena. Watu walicheka. Akaja wa pili, na wa tatu. Walizunguka palepale kama wanaotafuta mlango katika nyumba isiyo na mlango. Mmoja alifika kwenye bango la chuma, akaliegemeza paji la uso, akasukuma. Alisukuma bila kukoma, miguu ya nyuma ikichimba mchanga, meno yakisagana kwa sauti iliyosikika hadi mstari wa mbele.

"Hata mbuzi wanaheshimu historia!" Salah akasema kwenye kipaza sauti, na hema lote likaangua kicheko. Wapiga picha walikimbia. Mgeni rasmi mwenyewe alitoa simu yake akampiga picha yule wa bangoni.

Mwishoni mwa viti alitokea Yarrow akikimbia, ameshika fimbo, shuka limemteleza begani. Alisimama katikati ya watu wale waliovaa vizuri, akawasemesha kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Mbuzi yangu haioni, bwana. Jana ilikuwa sawa. Leo haioni kabisa. Nyingine iko kule imelala, inabiga miguu. Nani anajua hii ugonjwa?"

Yule wa bangoni akaanguka kiubavu. Miguu ikaanza kutikisika. Kicheko kikapungua, kikaisha.

Ndipo nikasikia jambo lililonifanya nione haya kuwa binadamu wa kundi lile. Salah alishuka jukwaani, akamnong'oneza Bare, lakini kipaza sauti kilikuwa bado kwenye kola yake. "Wachinjwe haraka kabla hawajafa," akasema. "Nyama ya chakula cha mchana haitoshi hata hivyo. Mwenye mbuzi tutaongea naye."

Maneno yale yalitoka kwenye spika zote nne.

Mumina aliweka kibuyu chini. Alitembea, shanga zikilia, hadi kwa yule mbuzi, akasimama kati yake na mpishi ambaye tayari alikuwa ameleta kisu. Kisha akanyoosha mkono kwangu, na nikajua anataka nini. Nilimpokonya Salah kipaza sauti. Naam, nilimpokonya, kola ilichanika kidogo.

Mumina alisema kwa Kiborana na mimi nikasema kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila kupunguza chochote.

"Kisu hakitoi sumu. Mkila nyama hii mtakuwa mmekula mlima. Baba yangu alikula mlima huu miaka mitano kwa mapafu yake. Yuko humo ndani, ukutani, ametundikwa bila jina karibu na mbwa mwenye jina. Anaitwa Gababo. Hakupigwa risasi na mtu yeyote. Alichimba risasi, na risasi ikamwingia mwilini taratibu, na nyinyi mmeandika uongo juu ya bati mkaupaka rangi. Ua mliouchoma ulikuwa ndio kazi yote tuliyoweza kuifanya baada yao. Hamkuuliza. Mlikuja kwa mtu nyumbani, mkavunja mlango wake, mkamwambia mnamfundisha kukaa ndani."

Kisha akamgeukia mgeni rasmi, aliyekuwa bado ameshika simu.

"Na wewe, mzee mzima, unampiga picha mnyama anayekufa."

Nililitafsiri hilo pia.

Mgeni rasmi alikumbuka ghafla kwamba ndege yake ilikuwa ikimngojea Wajir. Gari zikaondoka kwa vumbi. Chakula hakikuliwa kwa sababu hakuna aliyejua nyama iliyokuwa sufuriani imetoka wapi. Watu wa kamati walikula biskuti wakiwa wamesimama. Mbuzi wa Yarrow walikufa ishirini na wawili hadi siku ya tatu. Mkewe alikuwa akiwaita kwa majina wakiwa tayari hawasikii, na Yarrow alichimba shimo moja kubwa, akawazika wote, kitu ambacho mfugaji hakifanyi. Mumina alikuwa amemwambia hata fisi wasile.

Daktari wa mifugo alikuja kutoka Wajir akachukua vipande vya ini akavipeleka Nairobi. Kamati nayo ilitoa taarifa kwamba hafla ilifana, na kwamba vifo vya mifugo vilitokana na ukame. Majibu ya maabara yalipotoka baada ya wiki sita yalisema risasi, kwa wingi wa kutisha. Nilimpigia simu Salah nikamsomea karatasi ile mstari kwa mstari. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa mwalimu, tatizo liko wapi?" akasema. "Si risasi imeua? Bango letu si limeandika hivyohivyo?"

Nilikata simu nikakaa darasani peke yangu hadi hasira iliposhuka kifuani.

Hatukuwa tumewangoja. Siku ya pili tu baada ya sherehe, Mumina alikwenda mlimani na shoka. Yarrow alikuwa wa kwanza kumfuata, na mke wake, kisha wanawake wa kijiji, kisha mimi baada ya masomo, mikono yangu ya chaki ikitoka damu kabla sijabeba tawi la tano. Bare Dubow alikuja siku ya tatu. Alivua koti lake la kazi, akalitundika kwenye bango, akaanza kukata. Mumina alimpa kipande kigumu kuliko vyote, kando ya kidimbwi, na hakuna aliyemhurumia.

Kazi ilikwenda polepole kwa sababu migunga ya karibu ilikuwa imekatwa ili kutengeneza maegesho ya magari. Jioni tulipumzika, na Mumina alikuwa akinitajia wanaume wa ile picha. Alikumbuka thelathini na mmoja. Mwenye kovu. Aliyekuwa akiimba. Aliyetoroka akarudishwa. Ndugu wawili waliokufa mwezi mmoja. Nane waliobaki hakuwajua, na hakutaka kubahatisha. Niliyaandika majina yale kwa wino, nikayabandika chini ya kile kioo kwa gundi ya shule. Funguo za jumba alikuwa nazo Bare.

Miezi mitano baadaye Salah alirudi. Alikuja na mpiga picha na wazo jipya. Alikuwa amesikia kwamba ua umejengwa tena, na watu fulani wa Nairobi, alisema, walivutiwa mno na "usanifu wa jadi wa miiba". Alitaka Mumina asimame mbele yake na zile shanga.

Tulikuwa kazini tukimalizia upande wa kaskazini. Mumina alimsikiliza nilipokuwa nikimtafsiria, bila kuacha kupanga matawi.

"Mwambie picha hakuna," akasema. "Lakini upande huu bado una mwanya wa hatua kumi, na yeye ana mikono miwili mizima."

Nikamwambia. Salah akacheka, akatuangalia mmoja mmoja, akaona hakuna anayecheka naye. Yarrow alikuwa amesimama na panga. Mpiga picha alitazama pembeni. Sijui ni nini kilichompata. Pengine aliona picha yake mwenyewe akiwa kazini na jamii. Alivua miwani, akainama, akashika tawi kubwa upande wa nchani, kwenye miiba yenyewe, akavuta. Alipiga ukelele. Suti ya rangi ya maziwa ilishikwa mahali pasipopungua sita.

"Shika shinani," Mumina akamwambia, kwa Kisomali chake kidogo, bila kunihitaji. "Shinani. Hata watoto wanajua."

Akashika shinani. Alivuta matawi matatu, damu ikimtoka kidole gumba, kabla ya kukumbuka kwamba ana mkutano Wajir. Gari lake lilipoondoka Mumina alipita na fimbo akayakagua matawi yale matatu. Mawili aliyaacha. La tatu alilitoa, akaligeuza, akaliweka upya.

Mwanya tuliuziba Alhamisi, kabla ya jua kuzama.